Kufanana Si Undugu: Stori ya Samaki, Panya na Klipu Yangu Mbaya

Wasee, wacha nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijaanza kurushia wengine mawe.

Kuna wakati niliweka klipu ya sekunde arobaini nikisema Wahungaria na Waingereza ni watu wa ukoo mmoja wa lugha. Ushahidi wangu? Mwingereza akitaka kusema nyumba anasema house. Mhungaria anasema ház, na hiyo á unaivuta, "haaz". Basi. Nikaweka muziki wa kutisha hapo nyuma, nikaangalia kamera kama mtu amefukua kaburi la Firauni, nikamalizia na "kuna mambo wanatuficha". Ikaenda vibaya sana. Watu wakaipenda kuliko kitu chochote nilikuwa nimewahi kuweka.

Ilikuwa stori ya jaba, mwanzo mpaka mwisho.

Mtu mmoja, simjui, picha yake ni paka amelala kwa kiti, aliniandikia maneno machache tu: ház ni ndugu ya kota ya Kifini, house ni bahati mbaya, ebu fuata k na t. Mimi nikasema huyu ana wivu. Kota na ház? Hata ukiziweka kwa blenda hazifanani. Lakini hiyo "fuata k na t" ilinikaa kichwani kama wimbo wa matatu, na usiku nikaanza kutafuta. Hii nayowaandikia leo ndiyo nilipata, na nina maoni makali kuihusu, juu naona kosa langu likirudiwa kila siku kwa foni zetu, na mara nyingi linarudiwa kuhusu sisi.

Kwanza mjue tunaongelea nani. Kuna familia ya lugha inaitwa Kiurali. Wanafamilia wametapakaa kutoka Ufini, Estonia na kaskazini mwa Norwe, kupitia bonde la mto Volga huko Urusi, mpaka Siberia. Halafu kuna mmoja amekaa peke yake katikati ya Ulaya, amezungukwa na majirani wasioelewana naye kabisa: Kihungaria. Lugha zao karibu zote zilianza kuandikwa juzi tu. Kitabu cha kwanza cha Kifini kilichapishwa 1543, kile cha kufundisha watu kusoma cha Mikael Agricola. Maandishi marefu ya kwanza ya Kihungaria, hotuba ya mazishi, ni ya mwisho wa karne ya 12. Lakini lugha mama yao wote ilizungumzwa miaka elfu kadhaa kabla ya hapo, na hakuna mtu aliyeiandika hata neno moja. Hakuna jiwe, hakuna ngozi, hakuna kitu.

Na bado wanaisimu wanaweza kukwambia wale watu waliitaje samaki. Walisema *kala. Hiyo nyota mbele si mapambo. Ukiiona mbele ya neno, maana yake ni: hili hakuna aliyelisikia, tumelijenga upya kutoka kwa watoto wake. Mimi naipenda hiyo nyota kuliko kitu chochote kwa hii stori. Ni alama ndogo ya uaminifu. Klipu yangu haikuwa na nyota.

Sasa, wanalijenga aje? Hapa ndipo k na t zinaingia, kwa hivyo tulia kidogo.

Samaki kwa Kifini ni kala. Kwa Kihungaria ni hal. Tatu kwa Kifini ni kolme, kwa Kihungaria három. Kusikia ni kuulla huku, hall kule. Kufa ni kuolla, na kule ni hal. Unaona? Mahali Kifini kina k mbele ya a, o ama u, Kihungaria kina h. Si mara moja. Si kwa maneno yanayopendeza tu. Ni tena na tena. Lakini k ikiwa mbele ya irabu za mbele ya mdomo, inabaki vile vile: mkono ni käsi na kéz, jiwe ni kivi na kő. Yaani hata mabadiliko yana masharti yake, na masharti yanafuatwa.

Haya, t. Mia kwa Kifini ni sata, kwa Kihungaria száz. Maji ni vesi na víz. Mkono, tumesema, käsi na kéz. Asali ni mesi na méz. Utaniuliza, mbona hapo Kifini kina s na si t? Kumbe t imejificha tu. Mfini akisema "mkono wake" anasema kätensä, na t hiyo hapo imerudi. S iliingia baadaye kwa sababu ya i iliyofuata. Kwa hivyo ni t kwa Kifini na z kwa Kihungaria, safu nzima.

Sasa chukua kota, kibanda. Badilisha k iwe h. Badilisha t iwe z. Irabu ya mwisho Kihungaria huwa inaiangusha. Umebaki na nini?

Ház.

Manze, nilikaa kwa kitanda nikajiona mjinga, na bado nikafurahi, hisia mbili wakati mmoja. House inafanana na ház na si ndugu yake. Kota haifanani na ház na ndiyo damu yake. Macho yangu yalikuwa yamenidanganya, na mimi nikadanganya watu wengi kwa niaba ya macho yangu.

Ukitaka mfano mkali zaidi, chukua panya. Mfini anamwita hiiri. Mhungaria anamwita egér. Hapo hata mimi baada ya kuokoka nilikataa. Lakini kuna Wakomi na Waudmurti, watu wa karibu na milima ya Urali, na wao wote wawili wanamwita šyr, hiyo š ukiitamka kama sh yetu. Wanaisimu wanasema neno la zamani lilianza na sauti hiyo ya sh, na katikati kulikuwa na ng' kama ya ng'ombe. Kifini kikageuza sh kuwa h na kumeza ng'. Kihungaria kikaangusha sh kabisa, na ng' ikawa g. Kikomi kikaweka sh na kutupa katikati yote. Kila mtoto amebeba kipande kimoja cha sahani iliyovunjika, na hakuna mmoja anayeweza kukuonyesha sahani nzima. Ukiwa na Kifini na Kihungaria peke yake, huyo panya ungemkosa.

Na inafanya kazi kwa nini? Juu mdomo wa binadamu hauchagui maneno. Watu wa mahali fulani wakianza kutamka sauti moja tofauti, hawakai kikao wakasema tubadilishe kwa "samaki" tuache kwa "kibanda". Inaenda kila mahali. Ndiyo maana kufanana kwa neno moja ama mawili hakumaanishi kitu, dunia ina maelfu ya lugha na sauti chache tu za kugawana, lazima zitagongana. Kinachoonyesha undugu ni tofauti. Tofauti zinazorudi kwa ratiba.

Sasa nije kwa sehemu inayouma.

Mwaka wa 1769 sayari ya Zuhura ilikuwa inapita mbele ya jua, na wanaastronomia walitawanyika duniani kuiangalia. Padre mmoja, Maximilian Hell, alialikwa na mfalme wa Denmark kwenda Vardø, kisiwa kilicho kaskazini kabisa mwa Norwe, na akabeba msaidizi wake Mhungaria, János Sajnovics, naye pia padre wa Kijesuiti. Huko walikutana na Wasami, watu wanaofuga reindia na kuvua samaki. Sajnovics akaanza kusikiliza. Mwaka uliofuata, 1770, alichapisha kitabu København kwa Kilatini, na ujumbe wake ulikuwa wazi: lugha ya Wahungaria na lugha ya Wasami ni moja. Alizidisha chumvi, si moja, ni za ukoo mmoja tu, na mbinu ya kufuata sauti kwa ratiba ilikuwa bado haijakomaa. Lakini mlango aliogonga ulikuwa wenyewe.

Mnafikiri alishangiliwa nyumbani? Zii. Wenye vyeo wa Hungaria walikuwa na stori yao tayari: sisi ni wazao wa Wahuni, watu wa Attila, wapanda farasi waliotetemesha Ulaya. Sasa huyu padre anakuja kutuambia binamu zetu ni wavuvi maskini wa kwenye barafu? Wakakataa. Wakauita undugu unaonuka samaki.

Na hapa ndipo nacheka kila mara nikiandika. Neno la samaki lenyewe, hal, ndilo moja ya ushahidi mzuri zaidi wa huo undugu. Kila mara bwana mkubwa alipofungua mdomo kudharau hao wanuka samaki, alitumia neno lao. Kwa sababu lilikuwa lake pia.

Ugomvi haukuisha. Karibu miaka mia baadaye ulirudi na nguvu, kwa magazeti na kwa vyuo. Upande mmoja kulikuwa na Ármin Vámbéry, jamaa ambaye 1863 alivuka Asia ya Kati mpaka Bukhara na Samarkand akijifanya dervishi. Huyo angekuwa na wafuasi milioni leo. Yeye alisema Kihungaria ni ndugu wa Kituruki. Upande wa pili alikuwa József Budenz, Mjerumani aliyekuja Hungaria akajifunza lugha na kukaa chini na orodha zake za maneno. Hana stori ya kusisimua, ana orodha tu. Budenz ndiye alikuwa na ukweli.

Vámbéry hakuwa mjinga, na hiyo ndiyo inanivutia. Kihungaria kimejaa maneno ya Kituruki. Tofaa ni alma, na Mturuki anasema elma. Shayiri ni árpa, na Mturuki anasema arpa. Simba ni oroszlán, na Mturuki ana aslan. Ukiyaweka kwa klipu yanang'aa. Lakini hebu ona: hayo ni ya shamba, mifugo, sifa, vitu ambavyo watu wa nyika walikutana navyo wakiishi na majirani karne nyingi. Ni maneno ya kuazima. Na yanafanana sana kwa sababu yameazimwa juzi, hayajapata muda wa kuchakaa. Ndugu wa kweli, wale walioachana miaka elfu kadhaa, wamechakaa mpaka hutawatambua bila kufuata sauti.

Sijui kama mmeanza kuona ninakoenda.

Ni mara ngapi mmesoma, ama kuambiwa na mtu mzima kabisa, ati "Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa"? Mimi nimeisikia darasani, nimeisikia kwa mat, nimeisikia kwa mjomba wangu ambaye hawezi kuitisha maji kwa Kiarabu. Na ushahidi wanaoleta ni ule ule wa klipu yangu: kitabu, saa, habari, sita, saba, tisa. Kweli, hayo yote ni ya Kiarabu. Hata damu ni ya Kiarabu, yaani neno la damu yenyewe tumeazima, kwa hivyo msinidanganye ati maneno ya mwili hayaazimwi. Lakini hiyo ni alma na árpa ya kwetu. Ni majirani na biashara. Haionyeshi mama.

Mama anaonekana mahali ambapo hatufanani na ndugu zetu kwa ratiba. Sisi tunasema mvua, Mgiriama anasema mvula. Sisi njaa, Mgiriama nzala, Mganda enjala. Sisi kuzaa, Mganda okuzaala. Unaona l inapotea kwetu, pale pale katikati ya irabu mbili, na kwao iko? Kwa Kikuyu hiyo l inakuja kama r, mvua ni mbura. Huo ndio undugu, na hauhitaji muziki wa kutisha. Carl Meinhof alitumia mbinu hiyo hiyo kwa lugha za Kibantu mwaka wa 1899 na nyota zikaanza kuwekwa mbele ya maneno ya mababu zetu pia. Halafu kuna ngeli. Kitabu kimetoka Uarabuni, sawa, lakini kilipofika hapa kikaambiwa ki- ni ya ngeli, na wingi ukawa vitabu. Mgeni alipewa nguo za nyumba hii.

Kwa hivyo mtu akikuambia lugha yako haina baba yake, ni mchanganyiko tu, muulize anafuata sauti gani. Kama jibu ni "lakini si zinafanana?", basi huyo ni mimi kabla ya paka.

Lakini pia nataka kuwarukia wale wa upande wetu. Kuna klipu zinazosema neno fulani la kwetu linafanana na la Misri ya kale ama la Kiebrania, kwa hivyo sisi ndio wale. Ninaelewa kiu yake. Umeambiwa maisha yako yote ati watu wako hawakuwa na kitu, halafu mtu anakupatia piramidi bure. Wahungaria wale walikuwa na kiu hiyo hiyo, walitaka Attila. Shida ni kwamba ukikataa binamu mvuvi ili umpate babu mfalme, unaishia na babu ambaye si wako na umefukuza binamu aliye wako. Na kitu kingine: lugha si damu. Wahungaria wa leo kwa vinasaba wanakaribiana sana na majirani zao wa Ulaya, na hilo haliondoi hata neno moja kwa kala na hal. Mtoto hujifunza lugha ya waliomlea. Ukitaka kutumia isimu kupima nani ni msafi na nani si msafi, umebeba rula kwenda kupima joto.

Ubishi wa Hungaria bado uko hai, msidhani ni wa kale. 2018 nchi yao ilijiunga kama mtazamaji na baraza la nchi za Kituruki, na kuna watu huko waliochukua hiyo kama ushahidi wa lugha. Siasa ifanye kazi yake. Vikao vya viongozi havibadilishi k kuwa h.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ndilo lilinifanya niandike badala ya kurekodi.

Mnakumbuka panya? Bila Wakomi na Waudmurti asingepatikana. Familia hii inategemea mashahidi wadogo, lugha za watu wachache walioambiwa kwa miaka mingi kwamba lugha zao ni za kijijini, ziachwe, Kirusi kinatosha. Kusini mwa Siberia kulikuwa na Wakamasi. Katika miaka ya 1960, wakati watu walidhani lugha yao imeisha, alipatikana mama mmoja mzee, Klavdiya Plotnikova, ambaye bado aliijua. Wanaisimu kutoka Estonia walimrekodi. Hakuwa na mtu wa kuongea naye kwa lugha hiyo. Alifariki 1989, na Kikamasi kikaisha siku hiyo. Kilichobaki ni kile alichosema mbele ya kinasa sauti, pamoja na daftari za waliomtangulia. Neno lolote ambalo hakuna aliyemuuliza, halipo. Hakuna k wala t ya kufuata.

Mimi nilizaliwa mtaani, Nairobi, na kwa lugha ya shosh wangu naelewa matusi, salamu na "kuja ule". Shosh anajua majina ya nyasi. Anajua jina la mvua ile ndogo isiyolowesha, na jina la ile inayokuja na upepo. Nilimpigia simu Jumapili nikamuuliza, akacheka, akauliza nimeanza lini kujali mvua, halafu akanipa manne bila kupumua. Mawili mamangu hakuyajua. Nimeyaandika kwa daftari, na mbele yake sikuweka nyota, juu hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Klipu ya house sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba ni ya uongo na nikaweka kota hapo. Watu wanaendelea kuipenda kuliko hii ndefu, na sishangai.

Sasa nafanya ya mvua. Kama kwenu hamsemi mvua, niandikie mnasemaje na ni kwenu wapi, hata kama unajua hilo neno moja tu. Kama hujui, piga simu.